Neno Nililomjibu Bwana Mkaguzi

Alhamisi, jioni. Ukungu umeshuka mlimani tangu asubuhi na haujaondoka. Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi. Sisi watu wa Bagamoyo hatukuumbiwa milima hii.

Leo shule imepona. Ningepaswa kufurahi. Sina furaha hata chembe.

Nianze na aibu yangu, maana hapa hakuna wa kumficha. Mkaguzi Mdachi alipokuja mara ya kwanza, kabla ya mavuno, alikuta watoto tisa darasani. Kwenye daftari la mahudhurio nilikuwa nimeandika arobaini. Naam, mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri, nimeandika "yupo" kwa watoto ambao hata sura zao sizijui. Wenyewe walikuwa mashambani wakifukuza nguruwe na nyani kwenye mahindi. Akawauliza wale tisa, "Saba mara sita ni ngapi?" wakatazama dari. Akasema akirudi na kukuta hali ile ile, shule itafungwa nami nitapelekwa bomani Morogoro kujibu kwa daftari la uongo.

Niliogopa. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwasihi akina baba walete watoto. Kila mmoja aliitikia vizuri, "Haya mwalimu, tumesikia," na kesho yake haongezeki mtoto hata mmoja. Damu ikanichemka. Nikasema hawa wananidharau kwa kuwa mimi mtu wa pwani. Nikaenda kushtaki kwa akida, msimamizi wa serikali ya Wadachi hapa milimani.

Akida hakuuliza mara mbili. Alimkamata Mzee Kobelo, baba wa watoto wanne, akapigwa viboko ishirini na vitano mbele ya watu. Nilikuwepo. Nilihesabu hadi kumi, nikageuza uso.

Siku ya tatu akaja mkewe, Mama Mkude. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu, umempigisha mtu asiye na mtoto. Hawa watoto ni wa ukoo wangu. Mwenye kauli juu yao ni kaka yangu, anakaa kule juu. Mume wangu angewaleta kwa amri ya nani? Mbona hukuuliza?"

Loh!

Mwaka mzima nimekula ugali wa watu hawa, nisijue kwamba kwao mtoto ni wa mjomba. Kwetu baba akisema, imekwisha. Nikadhani dunia yote ni Bagamoyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja, mwenyeji kalala kifudifudi wiki nzima.

Nikapanda kwa huyo kaka mtu, Mzee Mloka. Njia ni ya kutambaa, nilifika nikihema kama mbuzi mgonjwa. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote bila kujitetea. Akaniuliza kama watoto wataachiwa siku za kulinda shamba. Nikasema wataachiwa, tutasoma asubuhi tu. Jumatatu akashuka nao mwenyewe, watoto wote wa dada zake. Wiki iliyofuata wajomba wengine wakaleta wa kwao. Hakuna aliyeguswa hata kwa ufito.

Na watoto wamesoma, wallahi. Wenyewe walinishangaza. Leo mkaguzi amekuta darasa limejaa mpaka wengine wameketi kizingitini. Saba mara sita wameijibu kwa pamoja. Mkude, mtoto mkubwa wa Kobelo, ameandika ubaoni jina lake, jina la mama yake na la mlima wake, bila kosa. Mkaguzi akamtazama, nusura atabasamu.

Kisha akauliza, mbele ya wazazi wote, nini kimewaleta watoto.

Akida akawahi kujibu, "Kiboko, Bwana."

Mkaguzi akanigeukia mimi. "Ni kweli, mwalimu?"

Mzee Mloka alikuwa pale. Mama Mkude alikuwa pale. Kobelo alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwa sababu kuketi kwenye kigogo bado kunamtonesha. Na mimi nikaliona boma, nikaiona minyororo, nikaona akida ananikazia macho.

Nikasema, "Ni kweli, Bwana."

Akatoa kijitabu chake akaandika. Akasema dawa imepatikana, na kila shule mbovu atakayoikuta milimani, akina baba watapigwa mpaka watoto waje. Watapigwa watu wasio na kauli, kama Kobelo. Safari hii siwezi kusingizia ujinga. Nilikuwa najua, nikasema ni kweli.

Walipoondoka, Kobelo alinijia polepole. Nikadhani atanitemea mate, na ningeyapokea. Akasema, "Hongera mwalimu, shule yetu imepona." Akanishika mkono. Sijui kama alinikejeli. Nadhani hakunikejeli, na hilo linaniuma kuliko tusi. Mkude hakuniaga. Alipanga vibao vya kuandikia kama kawaida, akatoka bila kunitazama.

Nimejaribu kujifariji. Nimejiambia ningesema kweli, akida angeniita mwongo, na mwenye daftari la uongo nani angemsadiki? Wangeifunga shule, na hawa watoto wangerudi kwenye nyani. Ni maneno ya maana. Nimeyarudia tangu adhuhuri na bado hayanitoshi.

Mkaguzi analala kwa akida. Asubuhi anaondoka kwenda shule ya pili, upande wa kule ng'ambo ya bonde. Mwalimu wa kule pia ni mtu wa pwani. Kutoka hapa hadi kwa akida ni mwendo mfupi, mteremko mtupu, nikitoka alfajiri nitamkuta kabla wapagazi hawajafunga mizigo, nimwambie kweli.

Njia naijua. Miguu je, ninayo?