Pampasi Mbili kwa Siku

Jumatatu, 9 Oktoba

Nepi nane kwenye kamba. Pampasi sita zimebaki kwenye pakiti. Maziwa ya kopo nusu. Tusekile katimiza wiki tano leo.

Nimeshona suruali mbili, nimebadilisha zipu ya begi. Mama Zawadi, jirani wa mlango wa pili, anambeba mtoto mgongoni mimi nikiwa kibarazani na cherehani. Nepi pia ananifulia. Hataki hela. Sijui nimshukuruje.

Mpango wangu ni huu: mchana nepi za kitambaa, nilizoshona mwenyewe kwa flana. Pampasi wakati wa kulala tu, na siku ya kliniki. Hivyo pakiti moja inafika mwezi. Inawezekana. Mimi ni fundi, vitambaa vinanitii.

Alhamisi, 12 Oktoba

Niandike mara moja, yaishe.

Eliza, mke wangu, alijifungua Jumatatu ile ya kwanza ya Septemba, salama. Jumanne damu ikaanza kutoka, haikukatika. Jumatano hatukuwa naye. Jina la mtoto alikuwa ameshalichagua, la kwao Ileje: Tusekile, maana yake tumefurahi.

Tulimzika kwao Mbebe. Baada ya mazishi wazee wakakaa kikao, na mama mkwe akaomba mtoto abaki naye. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema mtoto wangu namlea mwenyewe. Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Mama mkwe akanitazama. "Haya, mkwe wangu. Mlee," akasema. "Ukishindwa usione aibu kuniita."

Niliudhika na neno lile. Bado limenikaa.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimevuka mpaka wa nchi kwenda Nakonde. Kule pampasi ni nafuu kidogo ukiwa na kwacha. Nimechukua pakiti mbili, namba mbili, maana namba moja zinambana mapajani. Anakua.

Mwanamke anayeuza ananiita Bashi Tuse, baba yake Tuse. Leo aliuliza, "Banyina bali kwi?" Mama yake yuko wapi.

Nilimjibu yuko nyumbani.

Nikatembea haraka mpaka upande wetu.

Jumapili, 17 Desemba

Mvua siku ya sita. Hakuna kinachokauka. Nepi nazianika juu ya jiko la mkaa, zinanuka moshi, na mtoto naye ananuka moshi. Mama Zawadi anasema nitamwunguza. Kwa hiyo pampasi mchana pia, nne kwa siku, wakati mwingine tano. Hela ipo, ni msimu wa sare za shule. Nimeshona sketi za bluu mpaka macho yanaona bluu.

Baada ya ibada Tusekile alicheka. Cheko lenye sauti, si lile la usingizini. Niligeuka kumwambia Eliza. Niligeuka mwili mzima, mdomo nimeshaufungua.

Sikula mchana.

Jumanne, 16 Januari

Mama Zawadi anahama. Baba yake huko Mbangala amepooza upande mmoja, hakuna wa kumgeuza. Gari la mizigo limekuja asubuhi. Amenifundisha kufunga mbeleko, mara tatu, mpaka nikaweza.

Akiwa ameshapanda akasema, "Baba Tuse, mpeleke kwa bibi yake. Mwanaume peke yako na kichanga, utaweza wapi?"

Nikasema nitaweza.

Nimekaa mlangoni na mtoto mpaka jua limezama. Mlango wa pili una kufuli.

Ijumaa, 2 Februari

Shule zimefunguliwa, sare zimekwisha. Siku nzima wateja wawili. Mmoja alitaka kifungo.

Tusekile anashinda chini ya meza ya kukatia, kwenye boksi la karatasi ngumu nililotandika blanketi. Juzi nilimlaza juu ya meza kidogo tu nikamsikilize mteja. Nepi ikavuja kwenye satini ya gauni la maharusi. Satini ikashika doa. Nimenunua nyingine kwa hela ya kodi.

Basi, kibarazani ni pampasi tu. Na nepi zenyewe sasa nifue saa ngapi? Naamka naye, nashona naye, napika naye. Zinarundikana kwenye beseni mpaka zinachacha.

Nimepiga hesabu upya. Tatu kwa siku.

Jumatano, 14 Februari

Mbili kwa siku.

Moja asubuhi, moja jioni. Najiambia zimetengenezwa zinywe maji mengi. Kwenye pakiti wameandika zinadumu kwa muda wa saa kumi na mbili. Ninapoivua inakuwa nzito kama kifuko cha mchanga uliolowa. Akijisaidia kubwa nabadilisha, sijafika huko. Mkojo tu ndio nauacha.

Ngozi imekuwa nyekundu. Nampaka mafuta ya mgando.

Mama mkwe alipiga simu. "Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo kabisa, mama. Amenenepa."

Kunenepa ni kweli. Nimejishikiza hapo.

Jumatatu, 19 Februari

Leo nilimchukia. Alilia kuanzia saa mbili mpaka saa sita, na mteja aliyeleta kitenge akakichukua akaondoka nacho. Nilimtazama kwenye boksi nikawaza: kama usingezaliwa, Eliza angekuwa hapa.

Nimeandika kwa sababu nimeliwaza. Sitalifuta.

Alikuwa analia kwa maumivu. Mapaja yamechubuka. Nilidhani ni ukaidi. Mtoto wa miezi mitano, ukaidi.

Alhamisi, 22 Februari

Hospitali, Vwawa.

Jana homa ilipanda, akakataa chupa. Asubuhi macho hayafunguki vizuri. Nilifunga mbeleko, nikaacha cherehani kibarazani bila hata kuifunika, nikakimbia stendi.

Nesi alimfungua. Mapajani ni vidonda, na mbele pamevimba. Akasema maambukizi yameingia kwenye njia ya mkojo, ndiyo yameleta homa.

"Mama yake yuko wapi?"

Safari hii nikasema. "Alifariki."

"Pole, baba. Unambadilisha pampasi ngapi kwa siku?"

"Tano."

Hakuandika. Kalamu ameishika, ananitazama.

"Baba, sikuulizi nikuaibishe. Nataka kujua amekaa na mkojo muda gani."

"Mbili," nikasema. "Wiki moja sasa, mbili kwa siku."

Akaandika. Hakunigombeza. Alichukua pamba na maji ya vuguvugu, akanionyesha namna ya kumsafisha bila kusugua. Akasema aachwe wazi, apigwe na hewa. Tusekile alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nilimshika mikono.

Nilipotoka nje, kwenye korido, ndipo nilipolia. Kwenye msiba wa Eliza sikulia, watu walinisifu. Leo nimelia mbele ya foleni nzima.

Kisha nikampigia simu mama mkwe.

Jumamosi, 24 Februari

Amefika jana mchana, kutoka Mbebe, na kikapu na vitenge vinne vilivyochakaa, laini. Amemwona mjukuu wake. Ameona vidonda. Nilisimama pembeni nikingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Akauliza tu, "Umekula?"

Wodini analala yeye na mtoto. Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja, kwa hiyo mimi nipo nje kwenye benchi la wanaosubiri. Asubuhi natafuta uji, nauleta mlangoni, anaupokea kwa mikono miwili.

Homa imeshuka. Leo Tusekile amekunywa chupa nzima.

Jumanne, 27 Februari

Tumeruhusiwa.

Tulikaa uani kabla ya kuondoka, yeye kwenye kitenge, mimi hatua chache. Mtoto amelala mapajani mwake, bila nguo chini, khanga tu juu. Alianza yeye.

"Baba Tuse, sikuja kukunyang'anya mtoto."

"Najua, mama."

"Eliza alikuwa na kiburi kama chako. Ndiyo maana mlipendana." Akairekebisha khanga juu ya mtoto. "Mimi nimemzika yeye. Huyu sitaki kumzika."

Nilitafuta la kusema. Kwamba Machi kazi zitarudi. Kwamba nitapata msichana wa kunisaidia. Yote niliyafikiria, na yote yalikuwa ya mtu anayejitetea.

Nikasema, "Mchukue, mama."

Nilijua kuwa ni sawa. Haikunipunguzia kitu.

Akasema, "Nakutunzia. Ni wako."

Jumatano, 28 Februari

Wameondoka saa tatu. Nilimfunga mwenyewe mgongoni kwa bibi yake, mbeleko ikakaa vizuri. Alikuwa amelala. Nikashukuru kwamba amelala, halafu nikajuta, maana hakuniona.

Nimefagia chumba. Nimetupa boksi.

Jumapili, 14 Aprili

Natuma hela kila Jumamosi, za maziwa. Mara ya kwanza nilituma na za pampasi. Mama mkwe akapiga simu kunikataza. Huku, anasema, mtoto anavaa kitambaa, na mchana anaachwa matako wazi juani. Vidonda vimepona, alama haionekani. Ameota meno mawili.

Jana sokoni nilijikuta nimesimama kwenye duka la pampasi. Muuzaji akauliza namba ngapi. Nikamwambia namba tatu, kumbe sijui. Huenda ni namba nne sasa. Nikamwomba radhi, nikaondoka.

Kazi zimerudi. Nashona mpaka jioni, mikono yote miwili ipo huru. Naichukia hiyo nafasi.

Jumamosi, 20 Julai

Baridi. Nimeahirisha safari ya Mbebe mara ya nne. Nimemwambia mama mkwe kazi ni nyingi. Akasema, "Haya, baba." Kazi si nyingi kiasi hicho.

Ninaogopa kumwona akiwa mzima. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani.

Alhamisi, 5 Septemba

Mbebe.

Nilipanda jana, gari mpaka Itumba, halafu bodaboda. Jana alitimiza mwaka. Nilimshonea magauni mawili kwa kukisia, yote yamembana kifuani.

Nilipoingia uani alikuwa amesimama, ameshika kigoda. Anasimama. Alinitazama uso wote, nami nikachuchumaa nikanyoosha mikono. Akalia. Akatambaa haraka mpaka kwa bibi yake, akajificha kwenye kitenge, akamwita mama.

Mama mkwe aliona aibu kwa niaba yangu. "Mimi bibi," akamwambia. "Baba yule pale. Baba."

"Mwache, mama," nikasema.

Tulikwenda kaburini, sisi watatu. Majani yalikuwa yamefyekwa. Mama mkwe huyafyeka mwenyewe. Nilitaka kumwambia Eliza habari za Februari, nikashindwa, nikasimama tu.

Leo asubuhi nilikaa uani kwenye jua, kimya, sikumwita. Alichezea kifuniko cha sufuria kwa muda mrefu. Akasogea. Akashika mguu wa suruali yangu ili asimame, kama anavyoshika kigoda. Baadaye akaacha kifuniko, akanyoosha mikono juu, nikampakata. Amekuwa mzito. Ananuka maziwa na jasho la jua.

Akajikojolea. Maji ya moto yalipita kwenye suruali yangu mpaka kwenye goti.

Mama mkwe akaja mbio na kitambaa. "Lo, baba Tuse, suruali ya safari! Mlete huku."

"Hapana, mama. Nitambadilisha mimi."

Alinipa kitambaa na maji ya vuguvugu. Nilimlaza kwenye mkeka, nikamsafisha polepole bila kusugua, nikamkausha kila mkunjo. Hakulia. Alikuwa anatazama kuku. Nilipomfunga kitambaa kipya alishika kidole changu, akakitafuna kwa yale meno yake, na mama mkwe akarudi jikoni akatuacha.