Sifuri ya Kituo cha Hospitali

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na mama hajambo? Nataka jibu la kweli, si lile la kuniambia nyote wazima halafu nisikie kwa shangazi kwamba mama amelala wiki nzima kwa goti lake. Na bega lako je, bado linakuuma kwa kusukuma magurudumu kwenye kokoto za pale uani? Mimi ni mzima. Mwenye nyumba hatimaye ameziba tundu la bati, kwa hiyo lile beseni lako la bluu limerudi kwenye kazi yake ya kufulia. Najua umeshaniita mvivu wa kuandika kwa kimya hiki cha miezi miwili. Sikuwa mvivu, kaka. Kuna mtu nilikuwa namchemshia dawa yake, na ilitaka moto mdogo.

Mtu mwenyewe ni Rula, mkuu wa mipango hapa kwetu kwenye ofisi ya mabasi ya jiji, yule ambaye haendi hata chooni bila rula ya chuma kwenye mfuko wa shati. Alichokufanyia unakijua, lakini nakirudia kwa sababu hasira yangu hupenda kusimuliwa tangu mwanzo. Kituo cha Hospitali kilikuwa kwenye orodha ya vituo vitakavyopata mabasi mapya ya sakafu ya chini, na zile ngazi tatu za kupandia kituoni zingevunjwa ujengwe mteremko wa kiti cha magurudumu. Wewe ulikuwa unapokea simu pale hospitali, na ulishawatangazia wenzako wote kwamba mwaka ukianza utaingia kazini kwa basi kama watu, si juu ya mkokoteni wa muuza maji katikati ya madumu. Kisha Rula akainua karatasi kikaoni, akasoma kwamba kituo kilihesabiwa abiria asubuhi nzima na wenye viti vya magurudumu waliopanda basi ni sifuri. Akasema hatuwezi kumwaga zege kwa ajili ya watu wa kufikirika. Watu wakacheka, na kituo kikafutwa.

Muuza maji akahama, ukabaki kungoja utingo wa basi mwenye moyo wa kukubeba. Ukachelewa mara tatu, na mara ya nne ukaambiwa usirudi. Siku nilipokupakia kwenye lori urudi kwa mama wewe hukulia, mimi ndiye niliyelia, na lori lilipokata kona niliapa kwamba Rula ataiona joto ya jiwe.

Nilianza kwa kumvisha kilemba cha ukoka. Ulikuwa unakuja uzinduzi wa Kituo Kikuu, kituo cha kwanza chenye mteremko, na kazi ya kuandika ratiba ya siku hiyo nilipewa mimi. Nikamwambia Rula kwamba hotuba zimewachosha watu, kwamba ingependeza mno mkuu wa mipango mwenyewe aingie kituoni akiwa kwenye kiti cha magurudumu, peke yake, bila kusukumwa, mbele ya mgeni rasmi na kamera, ili jiji lione kazi ya mikono yake. Kichwa kilimvimba hapo hapo. Aliniuliza avae suti gani. Nikamchagulia ya kijivu, nikisema inapendeza kwenye picha.

Alichokuwa hajui ni kwamba mteremko ule aliukagua akiwa mezani kwake. Aliweka rula juu ya mchoro, akasema safi, akatia sahihi. Mimi nilikwenda na futi kamba. Mafundi walikuwa wamebanwa na msingi wa mlingoti wa taa, wakaufupisha mteremko, ukasimama kama paa la nyumba. Na pale juu unapoishia, mtu alichimbia nguzo ya chuma katikati ili pikipiki zisipite. Nafasi iliyobaki kila upande wa nguzo ni sentimita hamsini na nane. Kiti nilichoazima kwa ajili ya Rula kina upana wa sentimita sitini na sita. Nilipima mara mbili, nikaikunja futi yangu, nikarudi ofisini na kunyamaza wiki tatu. Kazi yangu ni kuripoti mambo kama hayo, najua. Sikuripoti, na chakula kilinipanda vizuri wiki zote hizo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Viti vya mstari wa mbele nilivipanga mwenyewe. Pembeni mwa mgeni rasmi nilimweka Bibi Mwenyekiti wa chama cha watu wenye ulemavu, yule mama mnene aliyekuwa akikuletea magazeti, naye akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Rula alianzia kwenye lango akipunga mkono kama bwana harusi. Alipofika kwenye mteremko akajikaza, akapanda hatua mbili, kiti kikarudi nyuma tatu. Akajaribu tena. Koti lilimbana, jasho likamshuka hadi kwenye tai. Dereva mmoja alitaka kumsaidia, nikamkumbusha kwa adabu kwamba ratiba inasema hasukumwi. Kaka, natamani ungekuwepo. Alihangaika kama robo saa, kamera zote zikiwa zimemkodolea macho, na kila akirudi nyuma mimi nilikuwa nakuona wewe kwenye zile ngazi tatu, umebebwa mgongoni na utingo kama gunia, miguu ikiburuzika.

Mwisho akafika juu, watu wakapiga makofi, naye akatabasamu. Ndipo kiti kikagonga nguzo. Akajaribu kushoto, akajaribu kulia. Hapiti. Na kurudi nyuma hathubutu, kwa sababu ameshaona mwinuko aliopanda. Akabaki pale ameshika magurudumu kwa mikono miwili, akinitafuta kwa macho. Nilikuwa mbele yake kabisa. Nilimtazama tu.

Basi akashindwa kuvumilia, akainuka na kusimama wima. Akina mama wauza machungwa ng'ambo ya uzio wakapiga vigelegele, wakapaza sauti kwamba amepona, atukuzwe Mungu. Bibi Mwenyekiti akamgeukia mgeni rasmi, akamuuliza kwa upole kama na yeye ainuke atembee, au muujiza ni wa wakubwa peke yao. Mgeni rasmi hakucheka. Alikataa kukata utepe, akataka aitiwe aliyetia sahihi mchoro ule.

Jumatatu Rula akasimamishwa kazi, na tume ikaundwa. Mteremko unabomolewa. Orodha yote ya vituo inaandikwa upya, na cha kwanza kilichorudishwa ni Kituo cha Hospitali. Mzee wa masjala ameniambia hospitali nao wameulizwa kama watawarudisha waliopoteza kazi kwa sababu ya usafiri. Nilitaka barua yangu iishie hapo, nikutumie ushindi wetu ukiwa mzima. Nimeandika mara tatu ikiishia hapo, na mara tatu nimeichana.

Tume ilimuuliza Rula kwa nini alikifuta Kituo cha Hospitali. Akajibu kwamba alifuata karatasi ya hesabu. Jalada likaletwa, karatasi haimo. Sasa wajumbe wanasema aliitunga, kwamba hakuna hesabu yoyote iliyofanyika, na kwa uongo huo hatasimamishwa tu, atafukuzwa kabisa. Kaka, katika mambo yote aliyoyasema mtu yule, hilo peke yake ni kweli. Karatasi ipo. Niliichomoa mwenyewe siku moja kabla ya uzinduzi, kwa sababu chini yake pana sahihi ya mhesabu abiria, na sahihi hiyo ni yangu.

Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini, wakati ule nikiwaambieni nyumbani kwamba nimewekwa mapokezi kwa sababu niliona haya kusema nasimama barabarani. Nilipewa ubao na kalamu, nikaambiwa nihesabu wanaopanda basi, basi. Sikujiuliza mwenye kiti cha magurudumu atapandaje ngazi tatu ili nimhesabu. Na ubaya si huo tu. Saa mbili kasoro asubuhi hiyo ulipita, kaka. Ulikuwa juu ya mkokoteni katikati ya madumu, kiti chako kimekunjwa mapajani, na hukuniona kwa sababu nilijificha nyuma ya mwavuli wa mkaanga mihogo. Niliona aibu ya mkokoteni mbele ya wenzangu wapya. Ulipokwisha kupita nikatoka, nikatazama safu ya viti vya magurudumu, nikaandika sifuri.

Rula simwonei huruma, usije ukadhani nimelainika. Aliicheka sifuri ile na kuifanyia kazi, na pale kwenye nguzo alipata haki yake. Lakini kisasi nimekilipa nusu, na nusu iliyobaki siwezi kujilipa mwenyewe bila kujipendelea. Ndani ya bahasha hii utaikuta karatasi yenyewe. Utakuta pia bahasha ya pili, ina anwani ya tume na stempu nimeshabandika. Tume inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, na posta ya huko inachukua siku tatu. Ukiituma, Rula atapunguziwa mzigo na mimi nitaubeba. Usipoituma, sitauliza. Nimemwona mtu akishindwa kupita pale juu na nilifurahi, kwa hiyo nawe furahi ikikubidi.

Mwambie mama dawa ya goti nimempa dereva wa lori, ajichue nayo asubuhi na jioni, asiifiche kabatini. Shangazi mpe salamu zake, na umwambie habari za goti anazonipa ni bora kuliko zako. Bega lako ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuona nikajificha,
Chiriku