Kiungulia cha Mwezi wa Nane

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka na moto kifuani tena. Unapanda mpaka kooni, chachu, mchungu. Maji hayasaidii. Maziwa yanatuliza kidogo, halafu unarudi. Nimekanda unga wa chapati nikiwa wima kama askari, maana nikiinama tu kila kitu kinapanda.
Lakini silalamiki. Wiki ya thelathini na moja, mimba iko mwezi wa nane! Mimba mbili za kwanza hazikufika hata mwezi wa nne. Huyu anapiga teke. Acha aniunguze.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata harusi Isinya! Tarehe ishirini na tisa. Watu mia tatu! Sijawahi kupikia hata mia. Nikakimbia kwa Halima, ambaye ana duka la viungo mkabala na jiko langu hapa Kitengela. Pilau yake haina mpinzani. Alipiga vigelegele mpaka wateja wakashtuka. Tutapika pamoja.
Mume wangu Kamau hakupiga vigelegele. Aliangalia tumbo, akauliza kama nitaweza. Nimekasirika. Nitaweza.

Jumanne, 11 Machi
Kliniki. Nilidhani ni pilipili. Kumbe si hiyo tu. Nesi anasema mlango wa juu wa tumbo la chakula unalegezwa na homoni za mimba, kwa hivyo asidi inapanda. Pia mtoto anakua na kulisukuma tumbo kutoka chini. Chakula nacho kinakaa sana kabla ya kushuka. Halafu mimi naongeza: chai nzito, nyanya, mafuta, sahani iliyojaa, kisha kitandani moja kwa moja.
Nile kidogo kidogo. Nisilale nikishashiba. Niinue kichwa kwa mito. Niache kulamba magadi, chumvi yake ni nyingi. Alitaja pia dalili za hatari. Hizo sikuzisikiliza vizuri. Nilikuwa nawaza menyu.

Ijumaa, 21 Machi
Mito mitatu. Chai nimeacha. Siku nne bila moto!
Bibi harusi alikuja kuonja. Alikula mbuzi, akalamba vidole, akaomba tena. Nimefurahi hadi nikacheza jikoni na tumbo langu. Pete haiingii tena, vidole vimevimba. Si kitu. Mimba ni mimba.

Alhamisi, 27 Machi
Moto umerudi. Umehama. Uko chini ya mbavu, upande wa kulia. Nimetafuna dawa tatu za kiungulia, wapi. Kichwa kinagonga.
Sitamwambia Kamau. Zimebaki siku mbili.

Jumatatu, 31 Machi
Niko hospitali, Kajiado. Wacha niandike kabla sijasahau.
Jumamosi tulikuwa Isinya kabla jua halijachomoza. Wali tayari, mbuzi tayari, harufu ilikuwa tamu ajabu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa mgonjwa. Nilipofunika sufuria ya mwisho niliona nyota mchana. Nikashika mbavu.
Halima aliniona. "Nini?"
"Kiungulia tu."
"Kiungulia hakikai hapo. Kichwa?"
"Kinauma."
"Macho?"
Nikayafikicha. Akaninyang'anya mwiko.
"Harusi ni yangu sasa. Wewe nenda."
"Halima, watu mia tatu!"
"Nitawalisha. Dada yangu alisema hivyo hivyo, kiungulia tu. Tulimzika na mtoto wake. Nenda!"
Miaka sita ya urafiki na sikuwahi kujua hilo.
Mjomba wa bwana harusi aliniingiza kwenye gari lake akiwa na suti yake mpya. Kamau alitukuta Kajiado. Presha ilikuwa juu sana. Daktari akasema ni presha ya mimba, na yale maumivu ni ini linalolalamika, si asidi. Mtoto lazima atoke leo, kwa upasuaji. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nikawaza wale wawili niliowapoteza. Nikamshika Kamau mkono mpaka kucha zikamwingia.
Alilia! Saa kumi kasoro jioni, alilia! Msichana. Mdogo kama kuku wa wiki sita, lakini sauti ya mwenye ng'ombe. Nimecheka na mshono unauma. Binti! Niko na binti!

Jumatano, 2 Aprili
Presha inashuka. Ameanza kunyonya. Halima amekuja. Chakula kilitosha, wageni waliomba sufuria ikwanguliwe. Nilimwuliza dada yake aliitwa nani. Hodhan. Tulilia kidogo, kisha akamchukua mtoto na kumwimbia kwa Kisomali.
Nilijidanganya kwa sababu ya kazi. Naandika ili nisijifiche.

Jumapili, 13 Aprili
Tuko nyumbani. Anaitwa Wambui, kama mama yake Kamau. Mvua inanyesha tangu saa tisa. Kamau amemlaza kifuani, na wote wawili wamepitiwa na usingizi kwenye kiti. Nguo za mtoto zimelowa kwenye kamba. Nimeziacha. Nimekaa tu hapa, nawasikiliza wakipumua.