Nta ya Ramadhani

Jumamosi.

Hatimaye kijana Ramadhani amerudi kwangu. Mwaka jana alinicheka mbele ya mteja wangu, nikilifuta gari lake kabla ya kulipaka nta: "Mzee, siku hizi magari yanatoka Dubai, wewe bado unayafuta kwa spiriti?" Akaondoka na mteja.

Leo kalileta gari lile lile. Alipaka nta bila kufuta kwanza mafuta ya polishi kwa spiriti. Mvua ya huku Kinole ikaibandua.

"Shikamoo, mzee. Niokoe, mwenyewe anakuja saa kumi."

"Marahaba. Chukua kitambaa, anza na mlango ule."

Mteja yule alimkuta ameinama mlangoni, anafuta.

"Kumbe ni mwanafunzi wako?"

"Ndiyo. Hajafuzu."

Ramadhani aliendelea kusugua. Nikamrudisha kwenye mlango wa kwanza mara tatu, ingawa ulikuwa umekwisha kutakata. Naogopa jinsi nilivyofurahi.