Chumba chenye Kufuli, Oldeani

Dada Rehema,

Huku ukungu unaingia mpaka jikoni. Uliposoma riwaya yangu ya mapenzi na vitisho ulilalamika kwamba siri ikishafichuka, mapenzi nayo yanapoa. Ulisema kweli.

Nyumba hii kuukuu ya shamba la kahawa ina chumba chenye kufuli. Kila asubuhi nilimuuliza Bayo, mtunza nyumba, mna nini humo. "Mwandishi, kunywa chai kwanza," alinijibu, na tuliongea mpaka chai ikapoa. Jana akakifungua: vitunguu vya Mang'ola, magunia mpaka darini! Tulicheka hadi machozi.

Asante sana kwa kunilazimisha nije. Sura ya mwisho naiandika upya, maana leo sikuwa na swali lolote, lakini nilipoingia jikoni nilikuta vikombe viwili mezani.

Nakukumbuka mno,
mdogo wako Zawadi