Kiatu cha Kipande Kimoja

Mjukuu wangu Desderia,

Huku Izia hatujambo, baridi tu ndiyo inatusumbua. Unauliza kama kweli babu yako ndiye aliyebuni viatu vya kufuma. Nicheke au nilie?

Babu yako alikuwa fundi viatu. Kila kiatu alikikatia vipande sita vya ngozi, mabaki yakajaa sakafuni. Mimi nilifuma masweta. Siku moja nikafuma sehemu yote ya juu ya kila kiatu kwa mkupuo, kama soksi, ikabaki kushonea soli tu.

Akashonea soli huku akinicheka. "Mama Kristina, soksi hizi atavaa nani?"

Jumapili ya baridi kali akavivaa viatu hivyo yeye mwenyewe kanisani. Alipoulizwa fundi ni nani, akajipiga kifua. Nilinyamaza, maana alipendeza.

Lakini huko kwenye kiwanda cha viatu unakofanya kazi wakiuliza, nitaje mimi.

Bibi yako