Kijiti Hakijafika

Jumatatu, 4 Machi

Salamu kwanza. Najua hakuna atakayesoma, lakini mimi kuandika nilijifunzia kwenye barua, na bila salamu mkono wangu unagoma. Haya. Baba watoto, hujambo huko, na mgongo je? Mama mkwe, shikamoo, magoti yanasemaje? Binti yangu mkubwa, salamu, ule mlango wa nyuma ufungwe na komeo. Mapacha, salamu, mwache kupigana. Kitinda mimba wangu mwenye kikohozi, salamu mara mbili — na kifua kipakwe mafuta! Paka naye asisahauliwe. Mimi mzima.

Sasa habari. Tumefika kwenye mafunzo. Chuo chenyewe ni karakana ya zamani ya idara ya barabara, wamepaka rangi, wakapanga vitanda. Sisi vibarua wa halmashauri tunafundishwa kuongoza magari pale barabara inapotengenezwa. Ukifaulu unapata cheti. Ukipata cheti, ajira ya kudumu. Miaka yote nimesukuma lami kwa koleo, naamka sijui kama leo nitaitwa au naambiwa rudi nyumbani. Hicho cheti nakitaka. Na nitakipata!

Wifi yangu naye yupo. Kitanda chake na changu vinakaribia kugusana. Hatusemezani tangu mvua za mwaka jana, aliposema mbele ya wenzetu kwamba kaka yake kaoa mwanamke asiyeweza kumkatalia hata kuku. Mimi!

Baba watoto amepiga simu. Kikohozi kile kile. Halafu akasema, dada anakuambia unakoroma. Nikamwambia, mwambie dada yako bado sijalala.

Jumanne, 5 Machi

Leo tumepewa vizibao vya njano, kofia ngumu na kibao. Upande mmoja SIMAMA, upande wa pili NENDA. Kizibao kimenikaa vizuri, nilijitazama kwenye kioo cha lori.

Mkufunzi wetu ni mama mfupi, sauti kama king'ora. Ametuchorea ubaoni. Nusu ya barabara imechimbwa, imebaki njia moja. Mwongozaji mmoja huku, mwingine kule, kati yao kona. Hamwonani. Redio za mkononi betri huisha, kwa hiyo kuna kijiti chekundu, kama kile cha mbio za kupokezana. Ukifungua magari, yule dereva wa mwisho unampa kijiti ampelekee mwenzako. Mwenzako akikishika ndipo anajua njia tupu, ndipo naye anafungua. Kijiti hakijafika? Hapiti mtu. Hata aje nani!

Nikauliza, na tukikosea? Akasema katikati kuna watu wameinama na sururu, mama. Hawaangalii nyuma. Wanakuangalia wewe.

Sijaacha kuyawaza hayo. Watoto wa watu.

Kisha akatupanga wawili wawili kwa mtihani. Mnafaulu wote au mnaanguka wote. Mimi na nani? Na wifi! Mkufunzi hajui mambo yetu. Au anajua sana.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu yangu leo.

Mazoezi uwanjani. Wenzetu ndio magari, wanasukuma matoroli na kupiga honi kwa midomo. Nimesimama imara na SIMAMA yangu. Akaja mwenzetu mmoja, fundi bomba, na toroli lake, analia kabisa, mama nihurumie, nampeleka mtoto hospitali! Ndani ya toroli ameweka gunia. Nalijua ni gunia! Mkono ukageuka wenyewe. Pita, baba, pita.

Kwenye kona akagongana na toroli la upande wa wifi, gunia likamwagika, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Sasa naitwa Mama Pita. Hata mpishi ananiita hivyo. Mama Pita, chai imepoa.

Mkufunzi hakucheka. Aliniambia kwa upole, huruma yako umempa mmoja, umewanyang'anya kumi.

Wifi alitikisa kichwa tu. Afadhali angetukana.

Usiku simu. Dada anasema ukimwangusha mtihani hatakusamehe. Nikasema mwambie na mimi kazi hii naitaka vilevile. Wifi akageukia ukutani. Alikuwa anasikia kila neno.

Ijumaa, 8 Machi

Kikohozi kimelegea. Binti amempaka mafuta. Mlango wa nyuma ulilala wazi. Nilijua tu!

Jumapili, 10 Machi

Hakuna darasa. Nimefua kizibao, na nikifua nawaza.

Mbona kitinda mimba akitaka kushika jiko la moto simhurumii? Analia, anagaragara, ananiita mama mbaya. Namkatalia kavu, huku nampenda. Sijawahi hata siku moja kumwambia haya mwanangu, shika kidogo tu.

Basi ni hivyo hivyo! Barabara ile ni jiko. Madereva wote wanangu. Sihitaji kuwa mkali, sauti ya mkufunzi sina. Nitawakatalia kwa upole wangu huu huu, lakini hawapiti.

Nimejisikia mwepesi. Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi bomba amelia tena na gunia lake. Nikamwambia pole sana, baba, mtoto mshushe hapa kivulini, wewe ngoja. Akalia zaidi. Nikampa maji ya kunywa. Hakupita! Mkufunzi akaandika kitu kwenye karatasi yake na kutikisa kichwa, kile kitikiso kizuri.

Baba watoto usiku — dada anasema leo hukuwa mbaya.

Nikasema mwambie asante. Kitanda cha pili mtu akakohoa. Baba watoto akalalamika, nyie mko chumba kimoja, salio la simu mnamalizia kwangu! Nikakata.

Mtihani keshokutwa, barabara ya kweli. Siogopi. Kidogo tu.

Jumatano, 13 Machi

Naandika nikiwa barabarani. Kibao nimekichomeka kwenye tairi lililojazwa zege, kinasema SIMAMA chenyewe. Naandika kwa sababu nimegundua jambo — mtu akikuona unaandika anadhani ni namba za gari lake, ananyamaza.

Nianze mwanzo. Asubuhi simu zote zimekusanywa kwenye ndoo, zimebaki karakana. Hakuna simu wala redio kwenye mtihani. Mimi upande huu wa kona, wifi upande ule. Mkufunzi yuko hapa kwangu, mikono kifuani. Kwa wifi yuko msimamizi mwingine. Katikati vibarua wenzetu wanajaza mashimo, sururu zao nazisikia.

Kijiti kilikwenda na kurudi vizuri asubuhi nzima. Nafungua, kinakwenda. Anafungua, kinarudi. Kila kikinifikia kilikuwa na joto la mkono wa dereva, na nilijua na mkono wa wifi umo. Ni kama kuongea! Nikasema haya, tumefaulu.

Mara hii wifi kafungua, magari yamekuja, lori, teksi, gari la maziwa. Nikanyoosha mkono kwa yule wa maziwa. Kijiti, baba? Akasema mimi sikupewa kitu. Kuna mtu nyuma yako? Sijui mama, sikuangalia.

Sijui!

Basi nimefunga. Mtu wa mwisho ana kijiti na hajatokea. Ameharibikiwa? Amekata kona kuingia nyumbani kwake, kijiti kiko kwenye kiti? Kule katikati kuna nyumba na kiwanda cha matofali. Anaweza kuwa anakunywa chai.

Upande wangu foleni imefika mbali. Wa kwanza ana tai. Amesema mama, barabara tupu hiyo, hata mbuzi hayupo. Nikamwambia mimi macho yangu yanaishia kwenye kona, ya kwako yanapinda? Nyuma watu wakacheka. Akasema unajua mimi ni nani? Nikasema sijui, mwanangu, ila zima gari, unachoma mafuta bure. Kazima!

Kisha mama mmoja na mtoto mchanga, mtoto analia kwa joto. Analia kweli, siyo gunia. Hapo moyo ulinipasuka. Nikampa kiti changu, na kivuli cha hema, na maji yangu yote. Barabara sikumpa. Mtoto sasa amelala. Nimemtazama mkufunzi, hakutazama kwangu, alitazama juu.

Kinachonitisha siyo hawa. Ni wifi. Yeye anadhani kijiti ninacho mimi. Anangoja magari yangu, hayaji. Atasema nini? Atasema Mama Pita hana magari, au kasahau, au kalala. Na subira hana, chai yenyewe huinywa ikichemka. Kule nako najua wanampigia honi. Akichoka akafungua, na yule wa mwisho bado yumo ndani, labda amekwama kwenye kona, na wenzetu wameinama —

Sururu bado nazisikia. Nzuri. Ziendelee.

Nimesikia kama injini. Siyo. Ni upepo kwenye turubai. Au injini.

Mimi siruhusiwi kuacha kituo. Kuna fundi viatu, abiria wa basi dogo, amechoka kukaa, anasema atapita na kijia cha waenda kwa miguu kandokando. Nimemwomba achukue karatasi ampe yule mama mrefu wa upande wa pili. Amekubali, anafunga kamba za viatu. Kama baba watoto angekuwepo kwenye simu ningempa yeye maneno, kama siku zote. Hayupo. Naandika hapa kwanza nisikosee, kisha nanakili na kuchana.

Wifi yangu, hujambo. Salamu za wote nitakupa jioni, kitandani. Kijiti hakijanifikia. Nimefunga na sifungui. Na wewe usifungue, hata wakutukane, hata wakulilie, mimi wamenililia na nimeweza. Wenzetu wamo katikati. Ulimpa nani? Gari gani, rangi gani? Niandikie nyuma ya karatasi hii, umpe fundi huyu huyu. Nimesimama hapa hapa nakungoja. Nijibu upesi, wifi. Upesi.